Mfupa Umeunga, Hofu Imebaki Uani

Assalaamu alaykum, Bi Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi. Nina umri wa miaka 72 na ninaishi Wete, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, pamoja na binti yangu mdogo. Nakuandikia kwa sababu nimefikia mahali ambapo siwezi tena kusema ukweli kwa watu wa nyumbani, na kwa mtu niliyezoea kuwafundisha watoto wa watu wasiseme uwongo, jambo hilo linanielemea kuliko maradhi yenyewe.

Mwezi wa Machi, mvua za masika zilipokuwa zimeshika, niliteleza uani nikienda kuanua nguo, nikaangukia ubavu wa kushoto. Nyumba ilikuwa tupu, kwani binti yangu alikuwa arusini Gando. Nilisikia adhana ya alasiri nikiwa chini. Nikaita mpaka koo likakauka, lakini mvua ilikuwa ikipiga bati kwa kishindo na sauti yangu haikuvuka ukuta. Nikajaribu kujiburura mpaka kwenye ngazi ya jiko, mguu ukakataa. Mvua ilipopungua kuku wakaja wakawa wanadonoa pindo la kanga yangu, nami sina nguvu hata ya kuwafukuza. Nikaanza kusoma shahada nikidhani saa yangu imefika. Adhana ya magharibi ilinikuta pale pale, na baada yake ndipo jirani alipoingia kuazima kinu akaniona.

Nilivukishwa Unguja, nikapasuliwa, nikawekewa chuma katika nyonga. Nilifundishwa kusimama, kisha kutembea na fremu ya chuma yenye miguu minne, kisha bakora. Mwezi uliopita daktari wa mifupa alitazama picha ya eksirei akaniambia kuwa mfupa umeunga vizuri na kwamba naweza kuukanyagia mguu wote. Nilimshukuru Mungu, nikarudi nyumbani, na mpaka leo sitembei.

Safari yangu ni kitandani, kitini na chooni, nikishika ukuta kwa mkono mmoja na bega la binti yangu kwa mkono wa pili. Kiganja changu kimeacha alama ya weusi kwenye chokaa, kuanzia mlango wa chumba changu hadi pale ukuta unapokwisha. Kutoka hapo hadi mlango wa uani ni hatua nne. Nikifika pale moyo hunienda mbio, magoti hulegea, na mguu hukataa kunyanyuka kana kwamba umemiminiwa saruji. Mtaalamu wa mazoezi hunipigia simu kila wiki kuniuliza kama nafanya mazoezi yangu, nami humjibu kuwa nafanya. Sifanyi hata moja.

Msimu wa karafuu umeingia. Jioni wanawake wa mtaani hukaa barazani kwa jirani yangu wakichambua karafuu na makonyo, nami nasikia vicheko vyao na harufu ikiniingia dirishani. Mwaka jana nilikuwa nikienda pale kwa hatua sitini, na nilikuwa mmoja wa wachambuaji wepesi. Wameniita, wamechoka kuniita.

Binti yangu ni mtoto mwema, simnung'unikii. Ameacha ushoni wake ili anitunze. Ananiletea maji ya udhu kitandani, ananikata kucha, na nikitaka kuinuka husema, "Mama, kaa tu, usije ukaanguka tena, mimi nitawaambia nini ndugu zangu?" Nami hukaa. Ninaswali nikiwa nimeketi na kila swala roho inaniuma, kwa kuwa naona kama namfanyia Mola wangu ubakhili.

Sasa mwanangu wa kiume aliyeko Unguja amenunua kiti cha magurudumu na anataka kukipakia kwenye boti wiki mbili zijazo, ili pia niweze kuhudhuria arusi ya mjukuu wangu huko mjini mwezi wa Disemba. Ndugu wote wamefurahi. Mimi nakitaka kiti hicho, na nakiogopa, kwa kuwa najijua: nikikikalia sitainuka tena. Je, nikipokee au nikikatae? Na nitawezaje kutembea ilhali nikinyanyua mguu tu nauona uwanja ule wa uani ukinisogelea?

Mwalimu, Wete

*

Wa alaykumu ssalaam, na shikamoo, mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kama ulivyokuwa ukisoma insha za wanafunzi wako, nikitazama umeandika nini kwa urefu na nini kwa ufupi. Kuteleza kwenyewe umekupa sentensi moja. Kulala pale chini, kati ya adhana ya alasiri na adhana ya magharibi, umekupa takriban aya nzima, pamoja na mvua, kuku, kinu na shahada. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza juu ya miguu yako naomba nikuulize jambo moja kwa upole: je, unachokiogopa ni kuanguka, au ni kuanguka ukiwa peke yako na kuita bila ya mtu kukusikia?

Nauliza kwa sababu hofu hizi mbili hufanana kwa nje lakini kila moja ina matengenezo yake. Ya kwanza hutibiwa kwa kurudisha nguvu za mguu na mizani ya mwili. Ya pili ina dawa nyingine kabisa, ambayo sikuona katika barua yako kama kuna aliyekutajia, nayo ni kujifunza kuinuka kutoka sakafuni. Wataalamu wa mazoezi hulifundisha hilo hatua kwa hatua, mtu akiwa na msaidizi pembeni na godoro chini: kujigeuza ubavu, kujiinua kwa viwiko, kufikia magoti na mikono, kutambaa hadi kwenye kiti kizito kisichosogea, kisha kuinukia hapo kwa mguu wenye nguvu. Si kila aliyepasuliwa nyonga anaruhusiwa kupiga magoti, na ndiyo maana ni lazima uulize kwanza, lakini hata yule asiyeweza kuinuka hufundishwa namna ya kujisogeza, kujifunika asipate baridi na kuita msaada. Mtu aliyekwisha kushuka sakafuni kwa hiari yake na akainuka hapo mchana kweupe, sakafu ile haimtishi tena kama zamani. Sambamba na hilo yapo mambo mepesi: simu ndogo iliyofungwa kamba na kuvaliwa shingoni ndani ya kanga, firimbi, au makubaliano na jirani yule wa kinu kwamba kila baada ya alasiri atapiga hodi, na asipoitikiwa ataingia.

Umeniandikia kana kwamba hofu hii ni aibu yako binafsi, udhaifu wa mtu mmoja wa Wete. Sivyo, mwalimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu mmoja katika kila watatu waliofikisha miaka 65 huanguka kila mwaka, na tafiti zilizowafuatilia watu waliovunjika nyonga zinaonyesha kwamba karibu nusu yao, au zaidi ya nusu, hubaki na woga kama wako, hata wale ambao mifupa yao imeunga vizuri kabisa. Mfupa una ratiba yake na moyo una ratiba yake. Eksirei humwonyesha daktari mfupa, haimwonyeshi zile hatua nne kati ya mwisho wa ukuta na mlango wa uani.

Kuna dhana moja katika nyumba yenu ambayo ningependa tuitazame pamoja, nayo ni kwamba kukaa ni usalama na kutembea ni hatari. Inaeleweka kwa nini imeingia, na binti yako haisemi kwa ubaya. Lakini mwili wa mtu mzima haukai pale ulipouacha. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, kundi dogo la watu wenye afya njema, waliokuwa na wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani kwa siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wamevunjika, wala hawakuwa wamepasuliwa. Wewe umo katika mwezi wa saba tangu uanguke. Kwa hiyo magoti yanapolegea pale ukuta unapokwisha, si woga peke yake unaoyalegeza. Yamepungukiwa na nyama kweli, na woga unapoyahisi yakitetemeka hujiona una ushahidi. Mtu huogopa, akakaa, akadhoofika, na kwa kuwa amedhoofika hatari ya kuanguka huongezeka kweli, akazidi kuogopa. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi hutaka mgonjwa aliyepasuliwa nyonga asimamishwe kesho yake tu baada ya kupasuliwa, hali yake ikiruhusu.

Pengine pia unangoja woga utoke kwanza ndipo uanze kutembea. Mimi nimewaona watu wengi wakingoja hivyo, na sijamwona bado ambaye ulitoka wenyewe. Huwa unapungua nyuma ya hatua, taratibu, kama maji ya bamvua yanavyorudi, na baadhi yake hubaki. Ule unaobaki una faida yake, kwani ndio utakaokuambia usitoke uani kukiwa na utelezi.

Mwaka 1990 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale, Mary Tinetti, pamoja na wenzake, walitunga namna ya kuupima woga huu, na kilichonivutia ni kwamba hawakumuuliza mtu kama anaogopa. Walimtajia shughuli kumi za kila siku, kama kuoga, kuvaa nguo, kuinuka kitini, kutoka kitandani na kwenda kufungua mlango, wakamwomba aipe kila moja alama kwa kadiri anavyojiamini kuifanya bila ya kuanguka. Wewe ni mwalimu, alama unazijua. Chukua daftari uandike shughuli za nyumba yako mwenyewe: kutoka kitandani alfajiri, kuinuka kitini, kuingia chooni usiku, zile hatua nne, ngazi ya jiko, uani penye ukavu, uani penye unyevunyevu, hatua sitini za barazani. Kisha uipe kila moja alama yake, hadi kumi kwa ile unayojiamini kabisa. Nadhani utagundua kwamba hofu haikukaa kila mahali kwa uzito mmoja, na kwamba ziko shughuli mbili tatu ambazo umekuwa ukizikwepa ilhali ukiziwekea alama unazipa saba au nane. Hizo ndizo za kuanzia.

Daftari hilo litakusaidia pia kwa mtaalamu wako wa mazoezi, ambaye kwa maneno yako mwenyewe humpi habari za kweli. Sikulaumu kwa hilo. Watu husema "nafanya" kwa sababu wanaona haya kumvunja moyo aliyewahangaikia. Lakini yeye anadhani amekuandikia dawa na umeinywa, kwa hiyo hajui kama dawa hiyo ilikuwa kali mno. Ukimwambia, "Mwanangu, mazoezi sifanyi, nikifika pale ukuta unapokwisha nagandishwa," atakuwa na kitu cha kushika. Huenda akakurudisha kwenye fremu kabla ya bakora, na hilo si kushushwa darasa. Huenda akaanza na zoezi la kuinuka kitini na kukaa, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani, mara tano asubuhi na mara tano jioni. Huenda akataka kuja nyumbani kuziona hatua nne zile kwa macho yake.

Mwombe aulizie pia mambo ambayo si ya moyo. Kama unatumia dawa za presha au za usingizi, zitazamwe, kwa sababu baadhi yake hufanya presha ishuke ghafla mtu anaposimama, na kizunguzungu hicho hujificha ndani ya hofu. Macho yapimwe, maana mtoto wa jicho huondoa kina cha ngazi. Na kwa kuwa ulianguka kutoka kimo cha kusimama tu, ukavunjika nyonga, daktari aulizwe kama mifupa yenyewe imepungua uimara na kama kuna tiba ya kuiongezea nguvu. Aliyevunjika mara moja yuko karibu zaidi na kuvunjika mara ya pili, na hilo lina dawa zake. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa, samaki, choroko na kukaa kidogo juani vyote vinasaidia, ingawa havitoshi kuziba nafasi ya dawa.

Sitakudanganya, mwalimu. Ukianza kutembea unaweza kuanguka tena. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 yaliyokusanya majaribio 108 yalionyesha kwamba mazoezi, hasa yale ya mizani na ya kuimarisha miguu, hupunguza mara za kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani kwa takriban asilimia 23. Hupunguza, hayaondoi, na wengi wa watu hao hawakuwa wametoka kupasuliwa kama wewe. Kutembea kuna hatari unayoiona, na kukaa kuna hatari inayokuja polepole: vidonda vya mgongo, mapafu kujaa, nguvu kuisha, na ule upweke wa kusikia vicheko kupitia dirishani. Ni ipi uko tayari kuibeba, na kwa kiasi gani, ni wewe utakayepima.

Sasa tuje kwa binti yako. Uliandika, kwa kupita tu, kwamba siku ile alikuwa arusini Gando. Nimejiuliza kama yeye naye hajanasa katika alasiri ile ile. Anaposema, "Nitawaambia nini ndugu zangu," nasikia mtu ambaye tayari amekwisha kuulizwa swali hilo mara moja, au amejiuliza mwenyewe usiku. Ikiwa ni hivyo, sehemu ya woga uliomo nyumbani mwenu si wako. Mnaugawana, na kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kuficha wake. Nimewaza kama mmewahi kukaa wawili mkaizungumza siku ile kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama amewahi kuyasikia kwa kinywa chako maneno kwamba hakukosa. Yapo mazungumzo ambayo huanza kwa machozi, na ninajua mzazi hapendi kumliza mwanawe, kwa hiyo wakati wake utauchagua wewe.

Ukiweza, mpe kazi nyingine badala ya ile ya kukuzuia. Mtaalamu wa mazoezi atamwonyesha mahali pa kusimama unapotembea, ambapo kwa kawaida ni nyuma yako kidogo, upande wa mguu dhaifu, mkono wake ukishika mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwako badala ya kukukwida bega. Bega likivutwa mizani hupotea. Na yale maji ya udhu ya kitandani, huenda siku moja kati ya tatu ikawa ni wewe unayekwenda kwenye maji, yeye akiwa nyuma.

Kuhusu swala, sina elimu ya kumzidi shekhe wako, nawe umeisoma dini kabla sijazaliwa. Nakukumbusha tu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Imran bin Huswayn aswali akiwa amesimama, na asipoweza aketi, na asipoweza alale ubavu. Aliyeketi kwa udhuru hakufanya ubakhili. Lakini kama unaona uchungu, na shekhe na daktari wakaafiki, kuna wanaoanza kwa kusimama katika rakaa ya kwanza peke yake, mkono mmoja ukiwa juu ya mgongo wa kiti kizito, kisha wakaketi. Mara tano kwa siku mwili unasimama mbele ya kitu unachokipenda. Sijui zoezi lenye ratiba iliyotimia kama hilo.

Na kiti cha magurudumu. Ukikikataa, huenda ukamuumiza mwanao na huenda ukaikosa arusi ya mjukuu wako, kwani kutoka bandarini hadi ukumbini si mwendo wa mtu aliye katika hatua nne. Ukikipokea bila ya kusema neno, yale unayoyahofia yanaweza kutimia, maana kiti kikiingia ndani ya nyumba kila mtu atakuona umeketi vizuri na hakuna atakayekuhimiza kuinuka. Kati ya hayo mawili kuna njia ambazo hukuzitaja. Unaweza kumpigia simu kabla boti haijapakiwa, ukamweleza kama ulivyonieleza mimi, na mkakubaliana kwamba kiti kitakuwa cha safari: cha bandari, cha hospitali, cha arusi, na kwamba siku za kawaida kitakaa nyumba ya jirani. Unaweza kumwomba kibaki Unguja na kikungoje huko. Unaweza kumwomba aongeze vyuma vya kushikia chooni na kwenye ngazi ya jiko, taa ya kuwashia kando ya kitanda, na sakafu ya uani ikwaruzwe isiteleze. Au chuma kirefu cha kushikia, kuanzia pale ukuta unapokwisha hadi mlango wa uani. Kwa maoni yangu hicho ndicho ningekitamani kwanza, lakini mimi siishi katika nyumba hiyo.

Kuna mwendo mmoja zaidi niliouwaza. Jirani anaweza kuleta pishi moja ya karafuu zake na wachambuaji wawili watatu ndani kwako, jioni moja, wakaketi pale pale baada ya ukuta kwisha, ili kuwe na watu upande wa pili wa hatua nne. Sijui kama utapenda kuonwa ukijaribu; wengine huona haya, wengine hupata nguvu.

Niandikie tena, mwalimu wangu. Niambie hatua nne zimepata alama ngapi katika daftari, na kama utazungumza na binti yako juu ya ile siku ya arusi ya Gando, niambie alikujibu nini.